Jeep ya zawadi: tuipokee namna gani?



Juma hili tunaongea juu ya gari. Wengine watasema: gari ni mambo ya wababa. Lakini mbele ya kugeuza ukurasa, sikilizeni kwanza swali lililotufikia.

Mjane mmoja, mshiriki wa kikundi kimoja chetu, ana jeep ya marehemu bwana wake. Ni Land Cruiser ya zamani, ile ndefu ya viti vya pembeni, na tangu matanga yalipomalizika imesimama katika kiwanja chini ya turubai. Mama huyu anataka kuitoa zawadi kwa maternite ya kule milimani alikozaliwa, ambako wamama wenye uchungu wangali wanashuka kwa kipoyi mabegani mwa vijana. Watoto wake hawasikilizani. Mkubwa anasema gari liuzishwe, lilipe minervali ya wadogo. Binti anasema mama aachwe afanye jinsi roho yake inavyotaka. Wamama wa kule milimani wao wameisha kushona kitenge kimoja cha siku ya kupokea. Na mjane anatuuliza: nifanye nini?

Hatutaki kumjibu kwa neno moja. Jibu la swali hili linaweza kuokoa maisha ya watu, na linaweza pia kuvunja nyumba. Tumekaa, tumeuliza watu wa sheria, mafundi wa magari na wauguzi, na tunaweka hapa yale tuliyoyaona. Tunaamini vikundi vingine pia vitaulizwa siku moja swali la namna hii, kama si na mjane, basi na mfanyabiashara, au na ndugu walio Ulaya na Marekani.

Kwa nini gari ni neno la wamama

Mwaka 1994 watafiti wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya sababu zinazofanya mama afe kwa kuzaa. Waliona machelewo matatu. La kwanza ni kuchelewa nyumbani kukata shauri la kwenda: bwana hayuko, mama mkwe anasema ngoja kidogo, feza haiko. La pili ni kuchelewa njiani. La tatu ni kuchelewa pale hospitali penyewe: mganga hayuko, damu haiko, dawa haiko. Hata leo, pote duniani, wanaofanya kazi ya afya ya wamama wanapima mambo kwa machelewo hayo matatu.

Sisi tunayajua bila kusoma. Mama anayetoka damu nyingi nyuma ya kuzaa anaweza kuisha ndani ya saa chache tu. Kipoyi hakiwezi kushindana na saa hizo, hasa usiku, mvua inaponyesha na mto umejaa. Pikipiki inasaidia sana, lakini mama mwenye degedege ya uzazi hawezi kukaa juu ya pikipiki kati ya watu wawili. Anahitaji kulazwa ubavu wa kushoto, mtu akae karibu naye, na safari iendelee. Kazi ya namna hiyo gari refu lenye nguvu linaiweza.

Gari hilohilo linabeba pia chanjo za watoto, ambazo zinapaswa kukaa katika baridi ya digri 2 mpaka 8 tangu depo ya zone ya afya mpaka mkononi mwa muuguzi. Kama njia inachukua siku mbili badala ya saa tano, barafu inayeyuka na chanjo inaharibika. Kwa hiyo wamama wanaoshona kitenge hawakosi sababu.

Lakini kumbukeni: gari linaponya chelewo la pili tu. Kama bwana anakataa mke wake aende, gari litasimama mlangoni. Kama hospitali haina damu, gari litamfikisha mama mahali pasipo msaada. Anayetoa gari na anayelipokea waulize kwanza: kule tunakompeleka mama, wako tayari kumpokea usiku?

Swali la kwanza: gari ni la nani?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinavunjika. Mjane anasema: gari ni la bwana wangu, basi ni langu. Shemeji anasema: gari ni la ndugu yangu, basi ni la ukoo. Watoto wanasema: ni la baba yetu. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema nini?

Kwanza, kama ndoa iliandikwa serikalini na hawakuchagua namna nyingine ya kuunga mali, kile ambacho mume na mke walipata pamoja katika ndoa ni cha wote wawili. Nusu ya mjane si urithi. Ni mali yake tangu mbele. Urithi unaanza katika nusu ya marehemu.

Pili, kama marehemu hakuacha wosia, robo tatu za urithi ni za watoto wake wote: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje lakini akawatambua akiwa hai, na wale aliowachukua kisheria kuwa watoto wake. Robo inayobaki inagawiwa kati ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake.

Maana yake, mama yetu hawezi kuamka asubuhi na kutoa gari lote peke yake. Na mtoto mkubwa pia hawezi kuliuzisha peke yake. Hata shemeji hawezi kuja kulichukua akisema ni desturi. Wote wenye haki wakae, wasikilizane, waandike, waweke sahihi. Kama kuna mtoto bado mdogo, haki yake ichungwe zaidi, kwa sababu yeye hawezi kusema. Yule anayesimamia urithi, ambaye watu wa sheria wanamwita likidateri, awepo na aweke sahihi yake.

Wamama, karatasi hiyo si alama ya kukosa mapendo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeona mahali ambapo zawadi ilitolewa kwa ngoma na vigelegele, na nyuma ya miaka miwili mtoto aliyekuwa mbali akarudi na polisi kuchukua gari la baba yake mbele ya maternite. Haki ilikuwa upande wake. Aibu iliwabakia wote.

Swali la pili: mtoaji anabaki na nini?

Swali hili watu wanaona haya kuliuliza, lakini sisi tunaliuliza wazi. Mjane wetu anakula nini? Nyumba yake inavuja ao haivuji? Watoto wadogo wako shuleni? Kama gari ndiyo mali kubwa iliyobaki, mtoto mkubwa anayesema neno la minervali si mchoyo. Anaona mbali.

Katika vikundi vyetu tuna tabia moja isiyo nzuri. Mtu anapoahidi zawadi kubwa, tunamsifu mbele ya wote mpaka hawezi tena kurudi nyuma. Mjane, zaidi ya wote, anataka kuonyesha kwamba bwana wake alikuwa mtu mwema, na sisi tunapiga makofi. Tusifanye hivyo. Zawadi inayomwacha mtoaji akikopa chumvi kwa jirani itageuka kuwa deni letu sisi tuliopokea.

Tena, kutoa kuna njia zaidi ya moja. Hizi ni tatu:

Kutoa kabisa. Familia inaachilia gari, jina linabadilishwa, imekwisha.

Kuazima. Gari linabaki la familia, lakini linafanya kazi ya maternite kwa muda ulioandikwa, mwaka mmoja ao miwili. Wanaolitumia wanalitengeneza na kulilipia asiransi. Muda ukiisha, wote wanakaa tena na kupima.

Kuuzisha na kutoa sehemu. Gari linauzishwa, watoto wanasoma, na sehemu ya mama, ile iliyo yake kweli, inaingia katika sanduku la safari za wamama wenye mimba. Feza hiyo inalipa pikipiki, mtumbwi ao gari la kukodi siku ya hatari.

Njia ya tatu haina picha nzuri ya kupiga mbele ya kanisa. Lakini kuna vijiji ambapo ndiyo njia bora, hasa kule ambako gari halifiki hata kama ni lenye nguvu namna gani, kwa sababu daraja limeanguka ao njia ni ya miguu tu.

Swali la tatu: linaandikwa kwa jina la nani?

Kama familia imekubali kutoa kabisa, gari lisiandikwe kwa jina la prezida wa kikundi, wala la muuguzi mkubwa, wala la mchungaji ao padri. Watu hao ni wazuri, lakini watu wanahama, wanagombana, wanakufa. Liandikwe kwa jina la chombo kisichokufa: hospitali, zone ya afya, dayosezi, ao shirika lililo na makaratasi yake kufuatana na sheria ya mwaka 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida. Kama kikundi chenu hakijapata makaratasi hayo, msione haya kusema: gari liandikwe kwa hospitali, na sisi tuwe na sauti katika kamati inayolisimamia.

Sauti hiyo iandikwe pia. Katika kila aire de santé kunapaswa kuwa kamati ya watu, CODESA. Wamama wawili ao watatu wa kikundi wakae ndani yake kwa neno la gari. Hati ya kutoa iseme gari ni kwa kazi gani, na iseme litarudi wapi kama maternite inafungwa ao kama gari linachukuliwa kwa kazi nyingine.

Kabla ya sahihi, angalieni makaratasi ya gari lenyewe: karte roze, plaki, asiransi, kontrole teknike. Namba iliyochongwa katika chuma cha gari ifanane na namba iliyo kwenye karte roze. Kama kuna taksi ya zamani haijalipwa, ijulikane leo na si siku ya barriere.

Swali la nne: nani atalilisha?

Kuna habari moja inayofaa kusimuliwa katika kila kikundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Waingereza Andrea Coleman na bwana wake Barry, pamoja na Mmarekani Randy Mamola aliyekuwa akishindana mbio za pikipiki, walikuwa wakikusanya feza kwa ajili ya watoto wa Afrika. Walipotembelea Somalia waliona magari na pikipiki za kazi ya afya zimelala, zimekufa zingali mpya. Hazikuuawa na vita wala na uzee. Ziliharibika kwa vitu vidogo: mafuta yasiyobadilishwa, mnyororo usiokazwa, kipuri cha bei ndogo kisichonunuliwa. Mama Andrea aliwahi yeye mwenyewe kushindana mbio za pikipiki, na alijua mashine inataka nini. Kutokana na hayo likatoka shirika la Riders for Health, lililoanza kufundisha wauguzi wa Lesotho na nchi nyingine za Afrika kuchunga vyombo vyao kila siku, mbele havijaharibika.

Fundisho ni lile la wazee: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Gari la zawadi halifi kwa mlima. Linafia katika kiwanja, juu ya batri moja.

Tuhesabu pamoja, kwa penseli. Tuseme maternite iko kilomita 35 mbali na hospitali jenerali. Kwenda na kurudi ni kilomita 70. Safari tatu kwa juma ni kilomita 210. Kwa majuma manne ni kilomita 840. Jeep nzito ya mazutu, katika njia mbaya ya milima, inaweza kunywa litre 15 kwa kilomita 100. Basi tunahitaji litre 126 kwa mwezi. Kama wamama wa kikundi ni 60, kila mmoja angelipa bei ya litre mbili na kidogo kila mwezi. Chukueni bei ya mazutu ya kwenu, zidisheni, na muangalie nyuso za wamama. Nyuso hizo zitawapa jibu.

Bado hatujafika kwa mafuta ya mota, ambayo katika njia zetu ni vizuri kuyabadilisha kila kilomita 5000, maana yake kila miezi sita katika hesabu yetu. Kuna filtre za mafuta na za hewa, kwa sababu vumbi ya kiangazi inaua mota. Kuna resore, ambazo mawe yanavunja. Kuna mipira mitano, kwa sababu mpira wa akiba si wa urembo. Kuna breki. Kuna asiransi. Na kuna mshahara wa shofere, ambaye ana watoto kama sisi.

Msiogope hesabu hii, lakini msiikimbie. Vikundi vyetu vingi ni MUSO, na mnajua tuna masanduku matatu: la kijani la kukopesha, jekundu la kusaidiana katika taabu, na la buluu la feza zinazotoka nje. Safari ya mama mwenye uchungu ni kazi ya sanduku jekundu. Lakini sanduku jekundu la kikundi kimoja halitoshi kulisha jeep. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vikundi vitano ao sita vya njia moja vijiunge, na zone ya afya iandike sehemu yake katika hesabu ya mwaka. Gari linaweza pia kupata feza kwa kubeba dawa za vituo vingine siku ambazo hakuna mgonjwa, kama kamati imekubali na kama feza inaingia katika daftari.

Tunatoa kipimo kimoja: kama hamjakusanya feza ya mafuta ya miezi mitatu mbele gari halijafika, msilipokee bado. Semeni asante, ombeni muda.

Swali la tano: nani analiendesha, na kwa ajili ya nani?

Gari likifika kijijini, linapata watoto wengi. Chefu anataka liende kwenye mkutano. Mchungaji anataka liende kwenye mazishi. Wakati wa kampeni, mheshimiwa anataka libebe bendera. Kila mmoja ana sababu nzuri, na mama mwenye uchungu anapopiga simu, gari liko kilomita 80 likibeba kreti za bia za arusi.

Kwa hiyo amri ziandikwe na kubandikwa ukutani mwa maternite, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Mgonjwa mbele ya wote. Hakuna safari bila kuandikwa katika kitabu cha gari: siku, saa, kilomita za kutoka na za kurudi, nani amebebwa, litre ngapi zimewekwa. Muuguzi wa zamu anaweza kutuma gari usiku bila kungoja sahihi ya mkubwa yeyote. Na mama asiye na feza abebwe kwanza, hesabu ifuate nyuma. Kama mtauliza feza mlangoni, mmetengeneza chelewo la nne.

Na neno la usalama. Katika sehemu zetu, gari lenye nguvu linatamaniwa na wenye silaha. Lisibebe kamwe mtu mwenye bunduki, hata kama ni jamaa, hata kama ni kilomita mbili tu, kwa sababu siku hiyo gari la wagonjwa limegeuka gari la vita machoni pa wengine. Lisilale kando ya njia. Pia msipake msalaba mwekundu kwa kujiamulia. Alama ile inachungwa na mapatano ya Geneva, na haitumiwi bila ruhusa ya wenye mamlaka. Andikeni tu AMBULANCE kwa herufi kubwa, pamoja na jina la hospitali. Hayo hayazuii kila ubaya, lakini yanampa shofere neno la kusema kwenye barriere.

Kwa ndugu walio mbali

Wako pia wana wetu walio nje wanaotaka kutuma jeep. Tunawashukuru. Waulizeni mambo haya mbele hawajalipa meli.

Usukani uko upande gani? Kongo tunaendesha upande wa kulia wa njia, na gari la usukani wa kushoto ndilo linalofaa. Gari lina miaka mingapi? Dwani ina masharti juu ya magari yaliyotumika, na masharti yanabadilika. Ulizeni ofisi ya DGDA wakati huo huo, si rafiki aliyeingiza gari zamani. Shirika lenye makaratasi linaweza kuomba kusamehewa ushuru, lakini barua ya ruhusa itafutwe mbele gari halijafika mpakani, kwa sababu kila siku ya kungoja katika depo inalipwa. Na gari ni la namna gani? Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984, mafundi wetu wanazifungua wakiwa wamefumba macho. Gari jipya lenye kompyuta nyingi litasimama siku taa moja itakapowaka katika dashibodi.

Kwa walio Marekani kuna jambo lingine. Kule watu wengi wanatoa magari kwa mashirika ya msaada, na mara nyingi shirika halitumii gari lile. Linaliuzisha na kutumia feza. Tangu mwaka 2005, mtu anayetaka kupunguziwa kodi kwa zawadi ya gari lenye thamani ya kupita dola 500 anapunguziwa kwa kawaida kufuatana na bei ambayo shirika limeliuzisha, si bei aliyoiwaza yeye. Kwa hiyo mwana wetu anaweza kufanya hesabu rahisi: kuuzisha gari kule na kutuma feza ya kununua ao kutengeneza gari ambalo liko huku tayari. Mara nyingi meli, dwani na njia vinakula nusu ya zawadi.

Yale tuliyomwambia mjane

Tulienda kumwona, wawili kati yetu, tukakunywa chai. Hatukumwambia toa, wala usitoe. Tulimwomba mambo matatu.

Kwanza, awaite watoto wote, pamoja na yule wa nje ambaye baba yao alimtambua, na shemeji zake, mbele ya mtu anayejua sheria. Mkubwa aseme hesabu ya minervali mpaka mwisho, na wote waisikie. Pili, fundi asiye ndugu ya mtu yeyote aangalie gari: mota, breki, chasi kama haijalika na kutu, na aandike bei ya kulitengeneza. Tatu, wamama wa milimani walete kwake daftari lao, si kitenge, na waonyeshe miezi mitatu ya mafuta.

Shauri letu, kama anatuuliza, ni kuazima kwa mwaka mmoja. Watoto hawapotezi urithi wao. Wamama wa milimani wanaonyesha kama wanaweza kulilisha gari. Mjane anaona kwa macho kama kazi aliyoitaka inafanyika. Mwaka ukiisha na daftari liko safi, hata mkubwa anaweza kuona zawadi kwa jicho lingine. Na kama daftari si safi, gari linarudi katika kiwanja likiwa bado lina bei.

Mkubwa yule alituuliza tulipokuwa tukitoka: na kama gari linaanguka katika mto mwaka huo wa kwanza, nani atalipa minervali? Ni swali la haki. Ndiyo sababu asiransi iandikwe katika mapatano mbele ya yote, na ndiyo sababu hatukusema kwamba jambo hili ni jepesi. Familia itakutana mwisho wa mwezi. Tutawapasha habari, kama wao wenyewe wanakubali.

Ya kuongea katika kikundi juma hili

Katika njia yetu, mama mwenye uchungu usiku anabebwa na nini leo, na inachukua saa ngapi?

Kama gari lingekuja kesho, sanduku letu jekundu lingeweza kulipa litre ngapi kwa mwezi?

Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyeahidi zawadi kubwa na sasa anaona haya kurudi nyuma? Nani atamtembelea na kumwambia kwamba mapendo yetu kwake hayapimwi kwa zawadi?

Tuleteeni majibu yenu kwa sekreta wa kila kikundi, kama kawaida. Mkiwa na hesabu yenu ya kilomita na litre, itumeni pia, tuipige pamoja.

Tubaki na amani majumbani mwetu. Hadi juma lijalo.